Ua la Saa Saba Mchana

Pesheni ya zambarau hufungua ua lake alfajiri, na kabla ya adhuhuri imeshalifunga. Pesheni ya njano hufungua saa saba mchana na kufunga giza likiwa limeingia. Haya si mambo makubwa. Mtoto yeyote mwenye macho na subira anaweza kuyaona akikaa uani siku mbili. Lakini nyumbani kwetu Mwanza, katika miaka ile ya tisini, watu wazima wanne walishindwa kukaa uani siku mbili, wakaona ni rahisi zaidi kumhukumu shangazi yangu. Mpaka leo nikikata pesheni jikoni hasira hunipanda upya, na sioni sababu ya kuificha.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba. Aliolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, akakaa huko miaka minane bila mtoto, kisha mumewe akamrudisha kwetu na sanduku moja la bati na barua ya adabu sana. Barua ilianza na salamu kwa kila mmoja wetu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba mtu anaweza kuandika "natumaini hamjambo nyote" halafu akarudisha mke kama anayerudisha chupa tupu ya soda dukani. Hakuna aliyeuliza kama bwana mwenyewe amewahi kupimwa chochote. Bibi, yaani mama mzazi wa shangazi huyo huyo, alisomewa barua mara mbili, akatikisa kichwa, akasema mkwe wake amevumilia sana.

Katika ukoo wetu, mbegu ya kwanza ya msimu huangushwa na mwanamke aliyezaa. Asiyezaa hashiki mbegu. Tulikuwa na shamba Magu, la pamba na mpunga, na niliona kwa macho yangu jinsi sheria hiyo ilivyofanya kazi. Shangazi alilima, alipalilia, alichota maji, aliwapikia wapandaji, na wakati wa mavuno mgongo wake ulikuwa wa kwanza kuinama na wa mwisho kunyooka. Kazi yote iliyochosha ilikuwa yake. Kile kitendo kidogo tu cha kuachia punje kwenye udongo ndicho kilichodaiwa kuharibika akikigusa.

Ile ilikuwa miaka ya ruhusa, biashara huria ikiwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamefika, kiwanda alichofanya kazi baba kikapunguza watu, naye akawa fundi baiskeli Mkuyuni. Kila nyumba ilitafuta mradi. Hawa walifuga kuku wa kizungu, wale waliuza mitumba, na kila wiki alitokea mtu mpya na jambo jipya la kututajirisha. Mmoja wao alikuja na pikapu iliyojaa miche kwenye mifuko ya nailoni. Alisema kuna kampuni itakayonunua pesheni za njano kwa ajili ya juisi, kubwa kuliko zile ndogo za zambarau tulizozoea, na kwamba miche yake yote ni vipandikizi vya mzabibu mmoja bora kabisa. Alitumia neno hilo, mzabibu, kwa kuwa ulitambaa. Alilirudia sana lile la "mmoja bora kabisa", nasi tukaona ni sifa.

Shangazi alichukua mche mmoja. Hakuna aliyemzuia, maana mche si mbegu, na bibi siku hiyo alikuwa kanisani. Nyumba yetu ilikaa katikati ya mawe, kama nyumba nyingi za vilima vya Mwanza, na udongo wa maana ulikuwa haba. Akaupanda kwenye ufa kati ya majabali mawili, karibu na pipa la maji. Aliujaza ule ufa samadi ya mbuzi aliyoibeba kichwani kutoka machinjioni. Alisuka kamba za katani kutoka jiwe hadi kona ya paa ili upate pa kupandia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani kungoja matokeo, kwa hiyo nilimwona kila siku. Sijawahi kuona mtu akiutunza mmea namna ile.

Mmea ukapanda. Ukafunika jiwe, ukafunika kona ya paa, ukatoa maua. Ua la pesheni, kwa asiyelijua, ni kubwa kama mdomo wa kikombe, lina petali nyeupe, na katikati lina duara la nyuzi nyingi zilizojikunja, zambarau chini na nyeupe juu. Jirani walikuja kuyatazama. Shangazi alitembea siku hizo kama mtu aliyepata cheo. Kisha maua yakaanza kudondoka. Kila asubuhi alikuta maua ya jana yako chini, yamenyauka pamoja na vikonyo vyake. Hata tunda moja halikushika.

Wakati huo huo, upande wa pili wa ua, pesheni ya zambarau ya mama iliyotambaa ukutani mwa jiko ilizaa mpaka tukachoka kuokota.

"Tazameni wenyewe," alisema bibi jioni moja, mbele ya baba na mama, shangazi akiwa anasikia. "Udongo mmoja. Maji mamoja. Jua moja. Huu unazaa na ule hauzai. Kilichobaki ni nini? Mkono."

Niseme ukweli, ilikuwa hoja nzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba haikuwa kweli.

Akaitwa jirani yetu mmoja aliyezaa mapacha, maana huyo ana mkono wa kuongeza. Alikuja amevaa kitenge kipya. Akaushika mmea huku na huku, akauambia uache ukaidi, akanywa chai yetu na mandazi matatu, akaenda. Maua yakaendelea kudondoka. Ndipo bibi alipotoa hukumu. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Shinyanga, alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza kwetu huja kujifungulia nyumbani. Bibi alisema shangazi aondoke kabla dada hajafika. Aende Magu akalinde nyumba ya marehemu babu, nyumba ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa umeshaanguka na hapakuwa na mtu wa kumwambia habari za asubuhi.

"Mkono unaokausha ua," bibi alisema, "hatuwezi kuuweka karibu na mtoto. Lisemwalo lipo."

Nilimtazama baba. Huyu ni mtu aliyesoma, aliyekuwa akitusomea gazeti kwa sauti. Akasema, "Tutaona." Nilimtazama mama. Mama akainuka kwenda kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa. Shangazi alikuwa ameficha mikono yake chini ya kanga, mapajani, na sijasahau jinsi alivyoificha.

Sikulala na hasira yangu. Asubuhi nilichukua daftari la baiolojia lililokuwa na kurasa tupu, nikaketi juu ya jiwe.

Shuleni tulifundishwa kwamba kabla hujasema lolote kuhusu mmea, ujue kwanza ni mmea gani. Bibi alikuwa ameruka hatua hiyo, na sote tulimfuata. Tulisema "pesheni" kana kwamba ni moja. Nilipoanza kuchora nikakuta uani kwetu zimo tatu. Ya mama ilikuwa na majani ya ncha tatu yenye kingo za msumeno, na vikono vyake vya kujishikia vilikuwa kijani kitupu. Ya shangazi ilikuwa na majani yanayofanana na hayo, ila vikono vyake viliiva wekundu, ua lake lilikuwa kubwa zaidi na zambarau yake ilikolea. Ya tatu hakuipanda mtu. Ilitambaa kwenye uzio kama gugu, ina manyoya, ukiifikicha inanuka, na vitunda vyake vidogo vimefungwa ndani ya kitu kama wavu. Watoto walivila vikiiva. Niliichora na hiyo, maana nilitaka kuwa wa haki.

Halafu nikaandika saa. Niliazima saa ya mkononi ya baba kwa siku tatu. Ya mama ilifungua kabla jua halijatoka, na saa tano maua yalikuwa yanajikunja. Saa saba, yale ya mama yakiwa yamekwisha kabisa, ya shangazi ndiyo kwanza yanafunguka. Nilirudia siku ya pili, ikawa vile vile. Siku ya tatu pia. Mimea hiyo miwili iliyolinganishwa mbele ya familia nzima, mmoja ukamshtaki mwenzake, ilikuwa haijawahi hata kuonana.

Nikamwonyesha bibi daftari. Akaniambia nimchotee maji.

Basi nikatoka. Mtaani kwetu nyumba kadhaa zilikuwa zimechukua miche ya yule mtu wa pikapu, nami nilizipitia moja moja na daftari langu, nikiamkia na kuomba kuona mmea. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye watoto saba. Mmea wake ulikuwa mkubwa, una vikono vyekundu, una maua, na hauna tunda hata moja.

"Jua la mwaka huu, mwanangu," aliniambia. "Limezidi."

Nyumba ya pili, hakuna tunda. Huko kosa lilikuwa la mbuzi wa jirani. Nyumba ya tatu, hakuna. Huko ilikuwa samadi iliyokuwa mbichi. Nyumba ya nne ilikuwa ya yule mama mapacha. Mmea wake ulikuwa nyuma ya choo, umetambaa vizuri, maua yamejaa, na chini yake maua makavu yamejaa zaidi.

"Shikamoo mama," nikasema. "Na huu wa kwako vipi?"

"Marahaba. Aa, huu umeingiliwa na mchwa," alijibu bila kupepesa.

Nyani haoni kundule. Nilisimama nyuma ya choo chake. Siku chache tu nyuma mwanamke huyu alikuwa amekula mandazi yetu ili aje kuthibitisha kwamba shangazi yangu ana mkosi mkononi, na huku kwake hali ni ile ile! Mtaa mzima ulikuwa tasa. Waliozaa walipewa jua, mbuzi, samadi na mchwa. Asiyezaa alipewa mkono. Niliandika hayo yote kwenye daftari, nyumba kwa nyumba, na kalamu ilitoboa karatasi.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa baiolojia, mwanamke mkali kutoka Bukoba ambaye hakupenda kusumbuliwa wakati wa likizo. Alisoma kurasa zote amesimama mlangoni. Kisha akaniambia niingie.

"Vipandikizi vya mmea mmoja?" aliuliza. "Una hakika alisema mmoja?"

"Alisema mmoja bora kabisa."

Akacheka, kicheko kibaya. Akanieleza kwamba pesheni ya njano haikubali unga wake yenyewe. Ule unga wa ua, unaoitwa chavua, lazima utoke kwenye pesheni nyingine ya njano, yenye asili nyingine. Ukikata mmea mmoja vipande na kuvigawa mtaa mzima, bado una mmea mmoja. Wadudu walikuwa wanauhamisha unga kutoka kwake kwenda kwake. Nilimuuliza kama unga wa zambarau ya mama ungefaa. Alisema pengine. Lakini mimi sikutaka pengine, na tena nilimjua bibi. Tunda likishika kwa unga wa mama, angesema ni mkono wa mama.

Nilikumbuka kwamba kwa mama mkubwa, Magu, karibu na barabara, kulikuwa na pesheni za njano zilizoota zamani kwa mbegu. Niliwahi kuzila nikiwa mdogo. Keshokutwa yake nilipanda basi la asubuhi, nikangoja uani kwake mpaka saa saba maua yakafunguka, nikayachuma kumi na mawili, nikayalaza ndani ya kopo la mafuta ya kula juu ya jani la mgomba. Mama mkubwa alifikiri masomo yamenizidi kichwa. Nilifika Mwanza saa kumi na nusu. Maua ya shangazi yalikuwa bado wazi.

"Fanya wewe," shangazi alisema nilipomweleza. Mikono ilikuwa chini ya kanga tena.

"Hapana, shangazi. Nikifanya mimi haina maana."

"Na yakidondoka?"

"Yakidondoka, yatadondoka. Mbona yanadondoka kila siku?"

Alinawa mikono. Akaifuta kwenye kanga, akanawa tena. Kisha akachukua ua la Magu, akaligusisha unga wake wa njano kwenye vile vichwa vitatu vidogo vinavyosimama katikati ya ua letu, taratibu, kama anayempaka mtoto dawa ya macho. Kila ua aliloligusa nililifunga uzi mwekundu. Yalikuwa kumi na moja. Mengine tuliyaacha makusudi.

Siku ya pili maua yasiyo na uzi yalikuwa chini yote. Ya uzi yalikuwa juu. Siku ya nne, tisa kati yake yalikuwa na kitu cha kijani kinachovimba. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu, akaketi kwenye jiwe, akalia kwa sauti, na mimi nikalia. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Niliwaita wote. Nilionyesha nyuzi. Nilieleza habari ya Magu, na kopo, na vipandikizi, na kusoma orodha ya nyumba za mtaa. Bibi alikitazama kitunda kimoja kwa muda mrefu, akakigusa na kidole.

"Mkono wa mama mapacha," akasema, "huchelewa, lakini haukosi."

Nilipiga kelele. Sikuwahi kumpigia bibi kelele kabla ya siku hiyo, na baba aliniambia niombe radhi, nami niliomba, kwa meno yaliyobanwa. Nikamuuliza baba, "Lakini si umeona?" Akasema, "Nimeona," akarudi kwenye pedeli aliyokuwa anaitengeneza. Habari ya shangazi kuhamia Magu haikutajwa tena. Hukumu haikufutwa, ila iliachwa kusemwa tu. Dada alikuja, akajifungua, na asubuhi ya kwanza mama alimchukua mtoto akamweka mapajani kwa shangazi bila kumwambia mtu. Bibi aligeuza uso. Juisi ya zile pesheni tisa aliinywa, na akaomba nyingine. Kampuni ya juisi haikutokea kamwe, wala yule mtu wa pikapu.

Mwaka uliofuata zikaja habari kutoka ng'ambo. Yule bwana wa barua ya adabu alikuwa ameoa tena, na sasa amemrudisha na huyo wa pili kwao, hapo hapo Busisi, kwa kosa lile lile.

"Maskini mkwe wangu," bibi alisema. "Hana bahati na wanawake."

Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. Nilingoja aseme kitu, na laiti ningekuwa yeye ningesema vitu vingi. Alitoka nje akaenda kwenye mmea. Jioni aliniita, akanionyesha miche miwili kwenye makopo. Mmoja ulikuwa kipandikizi cha wake, mwingine ulikuwa umeota kwa mbegu za pesheni za Magu.

"Kesho uvuke umpelekee yule dada," akasema. "Yote miwili. Umwambie asipande mmoja. Mmoja hauzai, na akiupanda peke yake watasema ni yeye."

Nilivuka na kivuko cha asubuhi, makopo mapajani. Nyumba yao haikuwa mbali na gati. Mwenyewe nilimkuta anafua, msichana tu, pengine ananizidi miaka mitano. Nilimwambia nimetumwa na mke aliyemtangulia. Aliacha kufua. Akasema alidhani mtu huyo anamchukia. Nikamweleza habari ya miche, saa zake, na kwa nini ni miwili, naye alisikiliza povu likikauka mikononi. Kisha akaenda kuchukua jembe.

Mama yake alitoka ndani. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye uso wa upole. Alipoona jembe na miche alielewa haraka, akanyoosha mkono.

"Acha, mwanangu," akamwambia binti yake kwa huruma kabisa. "Wewe usishike. Atapanda mdogo wako."

Binti akaachia jembe. Mikono yake ikaingia chini ya kanga.

Nilikuwa ugenini, nilikuwa mdogo, na nilifundishwa adabu kama watoto wote wa nyumba zetu. "Shikamoo mama," nikasema, "nimetumwa nimpe huyu. Asipopanda yeye, narudi nayo Mwanza." Nikayakumbatia makopo yangu. Yule mama alinitazama, akasubiri nilegee. Sikulegea. Mwishowe akatema mate pembeni, akaingia ndani.

Binti akaokota jembe. Nilikaa pale mpaka akamaliza kuchimba shimo la pili, nikakosa kivuko cha saa tisa.